Mficha Uchi Hazai: Mume Naye Apimwe

Bwana na bibi wakikaa pamoja mwaka mmoja, miwili, mitatu, wasijaliwe mtoto, maneno huanza. Huanza kwa mnong'ono jikoni, kisha hupanda barazani, na mwisho hufika masikioni mwa mwenyewe. Na mwenyewe huyo, ndugu wasomaji, karibu kila mara ni mke. Yeye ndiye atakayeulizwa na mawifi zake alikunywa nini katika usichana wake. Yeye ndiye atakayepelekwa kwa mganga huyu na kwa mganga yule, akapewa mizizi ya kuchemsha na hirizi ya kufunga kiunoni. Yeye ndiye atakayekwenda hospitali peke yake na kukaa juu ya benchi tangu alfajiri. Mume wakati huo yu barazani acheza bao, tena wazee wamwonea huruma kwa balaa lililomfika la kuoa mke asiyezaa.

Leo twapenda kusema juu ya huyo aliye barazani.

Twamfahamu bwana mmoja, mfanyakazi mwenzetu wa miaka mingi, ambaye hatutamtaja jina. Alioa akiwa na miaka 38, kwa kuwa alitaka kwanza kujenga nyumba na kuwasomesha wadogo zake. Na hilo si la kumlaumu. Miaka minne ilipita pasipo mtoto, akamwacha mke. Akaoa wa pili. Miaka mitatu ikapita, na maneno yakawa ni yaleyale. Yule mke wa kwanza aliolewa na mtu mwingine, na kabla ya miaka miwili kwisha akaonekana sokoni na mtoto mgongoni. Habari hizo zilipomfikia mwenzetu, hakulala usiku ule. Ndipo alipokubali kwenda kupimwa. Alikuwa na miaka 46 na uzito wa kilo 104. Kipimo kilionyesha kwamba mbegu zake ni chache, na nyingi katika hizo hazina mwendo. Daktari hakumwambia neno kali. Alimwuliza tu kwa nini hakuja mapema. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia, na alisema kwamba lililomuuma si kipimo, bali kumkumbuka yule mwanamke alivyotoka nyumbani na sanduku lake bila kujibu neno.

Tumekaa na kisa hiki siku nyingi. Na kwa kuwa sisi tunaoandika maneno haya nasi tumekwisha pita miaka 40, wala kitambi hatukikosi, tumeona ni wajibu wetu kuuliza wataalamu wanajua nini juu ya uzazi wa mwanamume, umri wake na unene wake, kisha kuwaelezeni wenzetu kwa lugha iliyo wazi.

KOSA LA KWANZA

Kosa letu la kwanza ni kudhani ya kuwa nguvu na uzazi ni kitu kimoja. Mtu huona kwamba hana upungufu wowote chumbani, basi akakata shauri kuwa kasoro ni ya mwenzake. Lakini manii ni maji tu. Kinachozaa ni mbegu zilizomo ndani yake, nazo hazionekani kwa macho. Miongoni mwa walioziona kwanza ni Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, aliyezitazama mwaka 1677 kwa hadubini aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mtu aweza kuwa na nguvu tele na manii tele, na katika manii yale isipatikane hata mbegu moja. Hilo hatalijua kwa kujitazama kwenye kioo, wala kwa kusifiwa na marafiki. Atalijua kwa kupimwa.

Kwa hesabu ya madaktari, watu huitwa wenye shida ya uzazi ikiwa wamekutana kama kawaida muda wa miezi 12, bila ya kutumia kinga, na mimba isishike. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu wazima 17.5 katika kila 100, yaani karibu mmoja katika kila sita, hupatwa na shida hiyo katika maisha yao. Na katika ndoa zinazopatwa, karibu nusu upande wa mume una sehemu yake, ama peke yake, ama pamoja na upande wa mke. Nusu, ndugu wasomaji! Basi yule mama mkwe anayemnyoshea mkwewe kidole kabla ya mwanawe kupimwa, hana ushahidi wowote mkononi.

MIAKA HAISIMAMI

Wanaume wana msemo wao wanaoupenda sana: ng'ombe hazeeki maini. Ni kweli kwamba maumbile yetu na ya wake zetu hayafanani. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, nayo hupungua mwaka hata mwaka mpaka, afikapo miaka hamsini hivi, uzazi wake hukoma. Mwanamume huanza kutengeneza mbegu anapobalehe, na huendelea kuzitengeneza hata uzeeni. Lakini kuendelea kutengeneza si sawa na kutengeneza vilevile.

Mapitio ya uchunguzi mwingi yaliyochapishwa mwaka 2001 yaliwalinganisha wanaume wa miaka 30 na wa miaka 50. Kiasi cha manii kilipungua kwa asilimia 3 hadi 22, na mbegu zenye mwendo zilipungua kwa asilimia 3 hadi 37. Homoni ya kiume iitwayo testosteroni nayo hushuka taratibu, kama asilimia moja kila mwaka tangu miaka ya thelathini na kuendelea. Katika mji wa Hull, Uingereza, wataalamu waliwauliza wanawake waja wazito zaidi ya 2,000 ilichukua muda gani mimba kushika. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2003, yalionyesha kwamba pale mume alipokuwa amepita miaka 45, muda wa kungoja ulikuwa karibu mara tano ya ule wa waume walio chini ya miaka 25. Nao walihakikisha kwamba tofauti hiyo haikuwa ya umri wa mke tu.

Lipo na jambo la ndani zaidi. Mbegu mpya hupatikana kwa chembe za asili kujigawa, na kila zikijigawa hunakili maandishi yote ya urithi wa mtu. Karani hodari akinakili waraka mara moja, hakosei. Lakini akinakili kutoka katika nakala, na nakala ya nakala, mwaka baada ya mwaka, siku moja herufi itaruka. Katika mwanamume chembe hizo hujigawa kila siku 16 hivi, yaani kama mara 23 kwa mwaka, wala hazina likizo. Wilhelm Weinberg, tabibu wa mji wa Stuttgart, Ujerumani, alitambua tangu mwaka 1912 kwamba aina moja ya ufupi wa viungo wa kuzaliwa huonekana zaidi kwa watoto wa mwisho katika familia. Na baadaye ikajulikana kwamba sababu ni umri wa baba. Mwaka 2012 wataalamu wa Iceland walichunguza familia 78, baba, mama na mtoto, wakaona kwamba kila mwaka unaoongezeka katika umri wa baba humpa mtoto mabadiliko mapya mawili hivi katika chembe za urithi.

Hatusemi haya kumtisha mtu. Mengi ya mabadiliko hayo hayadhuru kitu, na watoto walio wengi wa akina baba wenye umri mkubwa huzaliwa wazima. Hatusemi pia kwamba umri wa mume una uzito sawa na wa mke. Wa mke wazidi, na huo ni ukweli usiofichika. Twasema tu kwamba saa ya mume nayo yatembea, hata kama mlio wake hausikiki.

Wapo watakaotujibu kwa Maandiko, kwamba Ibrahimu alimzaa Isaka akiwa na miaka 100. Nasi tulifundishwa habari hiyo tukiwa watoto, kwenye madawati ya shule ya misheni, na twaiheshimu. Lakini Kitabu chenyewe chaieleza kuwa ni muujiza, na Ibrahimu mwenyewe alicheka alipoambiwa. Kama kuzaa katika umri ule kungekuwa desturi ya wanaume wote, asingecheka. Mtu asiufanye muujiza kuwa kanuni ya kupangia maisha yake.

KITAMBI SI CHEO

Sasa tuje kwenye uzito. Kwetu sisi mtu akinenepa husifiwa. Huambiwa kwamba mke amtunza, kwamba kazi imemkubali, kwamba amekuwa bwana mkubwa. Baba zetu walilima, walibeba mizigo, na walikwenda kwa miguu; wala unene haukuwapata ila wachache. Wengi wetu leo twakaa. Dereva akaa nyuma ya usukani, karani akaa mezani, mlinzi akaa lindoni, na mhariri naye akaa kitini mpaka gazeti litoke. Chakula ni chipsi na soda mchana, na nyama choma na bia jioni. Kisha hurudi nyumbani kwa bodaboda, hata kama ni mwendo wa dakika kumi na tano.

Wataalamu hupima unene kwa hesabu ambayo kila mfanyakazi aweza kuifanya. Chukua uzito wako kwa kilo, uugawe kwa urefu wako wa mita mara urefu huohuo. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 25, uzito wafaa. Likizidi 25 umezidi. Likifika 30 huo ni unene wa maradhi. Mtu mwenye urefu wa mita 1.70, mathalani, afaa kuwa na kilo 54 hadi 72. Akifika kilo 87 amekwisha ingia katika unene wa maradhi.

Je, hayo yahusianaje na mtoto? Mafuta ya mwilini si akiba iliyolala tu kama mpunga ghalani. Yana kazi yake, na mojawapo ni kuigeuza testosteroni kuwa estrojeni, ambayo ni homoni ya kike. Estrojeni hiyo ikizidi, ubongo hudhani ya kuwa homoni ziko tele, nao hupunguza amri unazozipeleka kwenye korodani. Basi kazi ya kutengeneza mbegu hulegea. Tena maumbile yamezitundika korodani nje ya mwili kwa sababu zataka joto lililo chini ya joto la mwili kwa digrii mbili hadi nne. Mapaja yakinenepa na tumbo likashuka, na mtu akakaa kutwa kucha, ubaridi ule hupotea. Pamoja na hayo unene huleta kisukari na shinikizo la damu, navyo huharibu mishipa na kupunguza nguvu za kiume zenyewe.

Ushahidi upo. Mwaka 2013 yalitolewa mapitio yaliyokusanya habari za wanaume 13,077. Ikilinganishwa na wenye uzito wa kufaa, hatari ya kuwa na mbegu chache au kutokuwa nazo kabisa ilizidi kwa asilimia 11 kwa waliozidi uzito, asilimia 28 kwa wenye unene wa maradhi, na ilifika mara mbili kwa waliozidi kupita kiasi. Wala wembamba nao si ngao. Katika Denmark vijana 1,558 walipimwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2004. Wale wanene waliopita 25 katika hesabu yetu walikuwa na upungufu wa asilimia 21.6 katika wingi wa mbegu ndani ya manii. Na wale wembamba walio chini ya 20 walikuwa na upungufu wa asilimia 28.1. Basi mtu asijikondeshe kwa njaa akidhani ndiyo dawa. Kinachotakiwa ni kiasi.

Hapa twapenda kuonya jambo. Wapo wanene wenye watoto kumi, na wapo wembamba wasio na hata mmoja. Uzito ni sababu moja katika sababu nyingi, na mtu asimcheke mwenzake barabarani kwa tumbo lake. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huziba njia za mbegu. Matubwitubwi yakimpata mtu aliyekwisha balehe huweza kuzidhuru korodani. Mishipa iliyovimba juu ya korodani, tumbaku, pombe nyingi, na joto la tanuri kwa mwoka mikate, yote yana sehemu yake. Hii ndiyo sababu twasisitiza kupimwa badala ya kubahatisha.

LENYE MATUMAINI

Ndugu wasomaji, miaka hairudishwi, lakini kilo hurudishwa. Hapo ndipo penye matumaini. Mbegu moja, tangu kuanza kutengenezwa mpaka kukomaa, huchukua siku 74 hivi, na kwa pamoja na safari yake ya kutoka ni kama miezi mitatu. Maana yake ni kwamba mtu anayeanza leo kuitengeneza hali yake, baada ya miezi mitatu huwa na mbegu zilizotengenezwa katika mwili ulio tofauti. Katika Denmark hiyohiyo, wanaume 56 wenye unene wa maradhi walipewa chakula cha kupunguza uzito kwa majuma manane chini ya uangalizi. Kwa wastani walipungua kilo 16.5, na wingi wa mbegu ndani ya manii yao ukaongezeka kwa karibu nusu. Baada ya mwaka mmoja, wale walioushika uzito wao mpya bado walikuwa na faida ile. Waliourudia unene waliipoteza. Habari hizo zilitolewa mwaka 2022.

Hatusemi kwamba kila mtu apungue kilo kumi na sita kwa majuma manane. Kazi hiyo yataka daktari. Lakini kuacha soda na kunywa maji, kupunguza mafuta na kuongeza mboga na maharage, kwenda kazini kwa miguu pale inapowezekana, kulala usingizi wa kutosha, na kuiacha sigara, hayo hayahitaji idhini ya mtu yeyote wala mshahara mkubwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hupungua vivyo hivyo.

Na mtu asidanganyike na njia za mkato. Siku hizi huuzwa dawa na sindano za kuongeza nguvu, na vijana wa kunyanyua vyuma huzitumia kutunisha vifua. Nyingine zina testosteroni. Mtu hudhani kwamba akiingiza homoni ya kiume mwilini atazidi kuzaa, kumbe hufanya kinyume chake kabisa: ubongo ukiiona homoni imeletwa kutoka nje, huziambia korodani zipumzike. Jambo hili lajulikana barabara, kwani Shirika la Afya Duniani lenyewe lilijaribu sindano za testosteroni kwa wanaume 271 katika nchi saba, na matokeo yakatolewa mwaka 1990. Lilizijaribu kwa kusudi gani? Kwa kusudi la kuzuia uzazi! Basi anayetafuta mtoto na kujidunga sindano hiyo pasipo shauri la daktari, amefunga mlango kwa mkono wake na kisha anabisha hodi.

TWASHAURI NINI

Kwanza, mwaka mmoja ukipita pasipo mimba, waende wote wawili, mume na mke, siku moja na kwa mlango mmoja. Mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje mwaka. Waende baada ya miezi sita. Kipimo cha manii hakina kisu wala dawa ya usingizi, ilhali vipimo vya mke vingine vina maumivu na gharama. Hakuna hekima ya kumtesa mke kwa vipimo hivyo kabla mume hajatoa chupa moja ndogo. Na kipimo kikitoka kibaya, kirudiwe, kwa sababu homa ya juzi tu yaweza kukiharibu. Shirika la Afya Duniani katika kitabu chake cha mwaka 2021 lataja mbegu milioni 39 kwa mara moja, na asilimia 42 ya hizo zenye mwendo, kuwa kiasi cha chini miongoni mwa wanaume waliokwisha kuzaa. Lakini hata hicho si ukuta unaotenga wanaozaa na wasiozaa. Aelezaye maana yake kwa kila mtu ni daktari.

Pili, wazee na wazazi wazuie ndimi zao. Mtoto ni baraka, lakini mke si deni linalodaiwa mtoto. Neno moja la mama mkwe laweza kuivunja nyumba ambayo miezi sita ya mazoezi na kipimo kimoja vingeiponya.

Tatu, kijana mwenye nia ya kupata watoto asiahirishe jambo hilo akidhani kwamba kwake yeye hakuna mwisho. Apange nyumba yake, asome, afanye kazi. Lakini aiweke na miaka yake katika hesabu, kama anavyoiweka fedha.

Yule mwenzetu tuliyeanza naye bado hajapata mtoto hata leo tunapoandika. Amepungua kilo 15, na kipimo chake cha mwisho kilikuwa bora kuliko cha kwanza. Daktari amemwambia aendelee. Lakini jambo moja alilitenda ambalo sisi twalihesabu kuwa kubwa kuliko hizo kilo. Alikwenda kwa mama yake, akakaa mkekani mbele yake, akasema: "Mama, kasoro ni yangu. Usimwambie tena neno mke wangu." Bibi yule alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda jikoni akamsaidia mkwewe kuchambua mchele.

Wazee wetu walisema kwamba mficha uchi hazai. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwaambia wanawake msemo huo. Sasa wakati umefika wa wanaume kuusikia.